Ukiona kitu hakijakaa sawa kwenye mashindano ya farasi, uliza hivi

Wazazi wenzangu mlioko Marekani ambao watoto wameingia kwenye farasi, wengi wetu tumekulia sehemu ambazo farasi unamwona siku ya gwaride basi, sasa leo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi umesimama kwenye uzio na kahawa mkononi, mama wa pembeni ananong'ona "yule anaiba bwana, angalia kamfunga farasi mkanda gani kifuani." Na wewe mwanao kapata wa nne, huyo kapata wa kwanza, damu inachemka.

Subiri kwanza. Ule mkanda unaozuia farasi asirushe kichwa juu unaitwa martingeli, na hapo ndo wengi tunaumbuka maana kwenye madarasa (yaani mashindano madogo madogo ya siku hiyo) ya hanta, ambako farasi anaangaliwa uzuri wa mwendo na mruko wake, yale ya kuruka vizuizi unaruhusiwa, hanta hao hao wakiingia darasa la kutembea na kukimbia bila kuruka hauruhusiwi, na kwenye dresaji, ule mchezo wa kumpangia farasi hatua na kupewa alama bila kuruka, ndo kabisa haugusi. Mkanda mmoja, siku moja, majibu tofauti. Kwa hiyo ulichokiona kinaweza kuwa kosa kweli au ni wewe hujajua uko darasa gani. Mi mwenyewe msimu wa kwanza nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsema binti wa watu, kocha wetu akanivuta mkono, na alikuwa sahihi kunivuta.

Anza na kocha wako. Yeye kanuni anazijua, na watu pale anawajua. Mwite pembeni, sauti chini, muulize hiki kinaruhusiwa darasa hili? Mara nyingi inaishia hapo.

Isipoisha, mtafuteni stewadi. Mashindano yaliyosajiliwa na USEF, lile shirikisho la taifa la michezo ya farasi, lazima awepo mtu wa kusimamia kanuni, kwa hanta na jampa (kuruka vizuizi kwa kuhesabiwa makosa na muda) anaitwa stewadi, kwa dresaji ni mjumbe wa ufundi. Huyu hatoi alama. Kazi yake ni kuangalia kanuni zinafuatwa, iwe kwa wapandaji, makocha, majaji au waandaaji wenyewe. Hujui alipo, uliza ofisi ya mashindano. Ukimpata ongea kama mtu anayetaka kujua, sio kama hakimu: "Samahani, naomba kueleweshwa, darasa la asubuhi ile, farasi namba fulani alikuwa na kifaa hiki, kinaruhusiwa?" Toa namba ya farasi, darasa, saa, na ulichokiona kwa macho yako. Neno tapeli liache nyumbani. Na ya mama wa uzioni yabaki kwa mama wa uzioni, kama ana lake aje aseme mwenyewe.

Jaji usimfuate, tafadhali sana, hata ukikutana naye kwenye foleni ya chakula. Kanuni inasema ukitaka kumuuliza kuhusu uamuzi wake unapitia kwa stewadi au kamati ya mashindano, wao ndo wanapanga saa na mahali. Halafu jua kwamba kuna vitu havina rufaa: jaji kupenda mwendo wa farasi mwingine kuliko wa mwanao ni mapenzi yake, hilo hulipingi, wala hupingi jaji au daktari rasmi wa mifugo akishasema farasi anachechemea au hachechemei. Unachoweza kupinga ni kanuni kuvunjwa, mfano poni, yaani farasi wa kimo kifupi, kashindana darasa la poni wadogo na kimo chake kimezidi.

Ukiamua kupinga rasmi hiyo ni hatua nyingine kabisa. Ni maandishi, unasaini jina lako, unapeleka kwa katibu wa mashindano ndani ya masaa 48 na amana ya dola 200, ambayo unarudishiwa ukishinda. Mzazi wa mtoto anayeshindana anaruhusiwa kupeleka. Sasa kama huwezi kuweka jina lako chini ya maneno yako, basi usiyaseme uzioni pia.

Ila kuna kitu kimoja hakingoji kocha wala adabu nyingi: farasi anaumizwa. Mtu anampiga kwa hasira, anamvuta lijamu mpaka mdomo unatoka damu, nenda kwa stewadi HAPO HAPO, au mtume mtu wewe ubaki unaangalia. Usimnyang'anye mtu mjeledi, usianzishe ugomvi karibu na farasi mwenye hofu, atakanyaga mtu. Na tangu tarehe 1 Desemba 2024 USEF wanaweza kushughulikia ukatili hata uliofanyika nje ya mashindano, kule mazizini, kwa hiyo ukiona huko nako unaripoti kwao.

Video kama unayo mwonyeshe stewadi. Usiirushe kwenye grupu la WhatsApp. Mpandaji mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na mbili, kile kifaa kafungiwa na mtu mzima, yeye kapanda tu, na jina lake likishazungushwa halirudi.

Baada ya hapo unaweza usiambiwe kilichoamuliwa, ndo ilivyo, shukuru uondoke. Na kama kuna mtu ulishamnong'oneza kabla hujauliza, na stewadi kasema kila kitu kilikuwa halali, rudi kwake umwambie.