Mchanga wa ufuo umetoka wapi? Ulize kwa siki na sumaku

Mchanga wa Malindi ni wa kahawia, na unametameta hadi mgeni adhani ameokota dhahabu. Panda matatu ushuke Watamu, si mbali, uukute mweupe kama unga. Bahari ni ile ile. Ninapofundisha vijana kazi hii huanza na fukwe hizi mbili, kwa sababu jibu linapatikana kwa vitu vya jikoni.

Tafuta siki nyeupe, mizani ya sonara (ya jikoni haioni sehemu za gramu), kioo cha kukuzia, na sumaku. Ile ya spika iliyokufa inatosha.

Hatua ya 1: Kuchota. Nenda maji yakiwa yamekupwa. Chota vijiko vichache mahali patatu: bamvua (maji makuu) linapofikia, katikati, na ukingoni mwa maji. Ondoa kwanza utando wa juu, maana huo huenda umeletwa na upepo tu. Andika mahali na tarehe papo hapo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 na humo huchukui kitu bila ruhusa, kwa hiyo chota nje ya mipaka.

Hatua ya 2: Kuosha. Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza nilikausha mchanga na chumvi yake, nikaupima, nikautia siki. Chumvi ikayeyuka pamoja na chokaa, nami nikaihesabu yote kuwa chokaa. Osha kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu au nne, anika hadi ukauke kabisa, ndipo upime gramu 10.

Hatua ya 3: Siki. Mimina taratibu. Povu likipanda, kuna chokaa: vipande vya matumbawe, makombe, na mwani wenye vidonge vigumu. Pono naye ana mkono wake humo. Tunamsingizia usingizi, kumbe mchana kutwa anatafuna mwamba na kuutoa ukiwa mchanga. Gramu 10 za chokaa tupu hula karibu robo lita ya siki ya asilimia 5, na mwishoni huyeyuka kwa uvivu. Mimi hutia nusu lita, na kesho yake naimwaga na kutia mpya. Usifunge chombo, gesi itakipasua. Povu likikoma kabisa, osha, kausha, pima tena. Kilichopungua ndicho kilichozaliwa baharini.

Mchanga wangu wa Watamu uliyeyuka sehemu kubwa. Wa Malindi ulibaki umekaa chini, haujali.

Hatua ya 4: Mabaki. Yatandaze kwenye karatasi nyeupe chini ya kioo. Punje zinazong'aa kama vigae vya chupa ni kwazi (quartz). Vigamba vyembamba vinavyometa ni ulanga, na ndiyo "dhahabu" ya Malindi. Za waridi huenda zikawa ganeti (garnet), aina ya kito. Funga sumaku kwa plastiki kabla ya kuipitisha juu, la sivyo utashinda siku nzima ukikwangua punje nyeusi zenye chuma zilizoinaswa. Tazama pia kingo: punje yenye pembe kali aghalabu haijasagwa sana njiani.

Hatua ya 5: Kumfuata mshukiwa. Kaskazini ya mji wa Malindi kuna mlango wa Sabaki. Mto huu huanza bara ukiitwa Athi, ukikutana na Tsavo unaitwa Galana, na hukata nchi ya miamba ya kale yenye kwazi na ulanga. Kaskazi ikivuma, maji yake mekundu husukumwa kusini hadi mjini. Kusi ikivuma, huelekea upande wa Mambrui. Kwa hiyo chota misimu yote miwili kabla ya kutoa hukumu. Kisha chota mchanga wa mto wenyewe, juu ya pale maji ya bahari yanapofika, uufanyie hatua zile zile. Ukikuta ulanga ule ule na punje nyeusi zile zile, umemkamata.

Mtoni nenda na mvuvi wa pale, wakati wa kiangazi, mchote kwenye fungu kavu. Sabaki ina viboko.