Dawa za PCOS wakati wa mimba na kunyonyesha: anza na bahasha

Si ajabu, katika duka la dawa la Kondele mjini Kisumu au katikati ya Nakuru, kupewa tembe zilizotiwa katika bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x2" tu, bila jina la dawa. Mwanamke mwenye PCOS (hali ya homoni inayovuruga hedhi na upevukaji wa mayai) anayetarajia kushika mimba asiipokee bahasha ya namna hiyo. Mwombe muuzaji aandike jina na kipimo, kwa mfano metformini miligramu 500, kisha uipige picha kwa simu, kwa sababu dawa za hali hii hazifanani: ipo inayoweza kuendelea mimba ikiingia, na ipo inayopaswa kuachwa mapema.

Spironolaktoni, inayopunguza ndevu na chunusi, inaweza kuvuruga uumbaji wa viungo vya uzazi vya mtoto wa kiume, hivyo huachwa kabla ya kutafuta mimba. Isotretinoini ya chunusi huleta kasoro kubwa kwa mtoto na huachwa angalau mwezi 1 kabla. Sindano za semaglutidi za kupunguza uzito, angalau miezi 2. Letrozoli na klomifeni, za kupevusha yai, kwa kawaida humezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko baada ya kuhakikisha hakuna mimba, kwa hiyo tembe zilizobaki kabatini zisirudiwe kwa kubahatisha.

Metformini, dawa ya kushusha sukari, ndiyo huwatatiza wengi. Hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, lakini haijulikani kuongeza kasoro za kuzaliwa, na ndiyo maana daktari mmoja huiendeleza na mwingine huisimamisha kulingana na sukari na historia ya mgonjwa. Usiiache wala kuiongeza peke yako. Piga simu kliniki siku ile ile kipimo cha mimba kinapoonyesha mistari miwili. Imeze pamoja na chakula, maana tumbo tupu huzidisha kichefuchefu, na ukitapika hadi maji hayakai tumboni, wasiliana na kliniki kabla ya kumeza tembe inayofuata.

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, huanzwa kabla ya mimba. Mwenye uzito mkubwa au kisukari aulize kama anahitaji miligramu 5. Kwa kuwa PCOS huongeza hatari ya kisukari cha mimba, omba kupimwa sukari mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa kunywa gramu 75 za glukosi ukiwa hujala. Kinywaji hicho ni kitamu cha kukirihi, lakini kivumilie.

Baada ya kujifungua, metformini huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na kwa kawaida mama anaweza kunyonyesha akiitumia. Mwambie daktari ikiwa mtoto alizaliwa njiti au ana tatizo la figo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, kwa hiyo anayenyonyesha kwa kawaida huchaguliwa vya homoni ya projestini pekee. Ukiona maziwa ni haba, mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi na umwone muuguzi.

Kliniki ya wiki ya 6 baada ya kujifungua, iwe ni katika hospitali ya rufaa ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia au katika zahanati ya mtaani, beba bahasha zote pamoja na kijitabu cha mama na mtoto, na kama ulipata kisukari cha mimba, omba sukari ipimwe tena.