Mhusika wako mpya wa Dungeons & Dragons, mnunulie mtaimbo na gololi

Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, mchezaji mpya akipewa sarafu za dhahabu za kuanzia, zote zinaishia kwenye upanga na deraya. Tenga chache za vitu vya kawaida. Kwenye kanuni za toleo la 5 za mwaka 2014, mtaimbo ni dhahabu 2 tu, na popote unapoweza kuchomeka ncha yake na kubinua, iwe mlango uliokwama au kifuniko cha jeneza la mawe, unarusha dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Bila uchawi wowote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mfuko wa gololi. Kwa dhahabu 1 unapata gololi 1,000, na ukizimwaga zinafunika futi 10 kwa 10. Adui akipita hapo mbio, asipofikisha 10 kwenye dadu inayorushwa kupima wepesi wake, chini! Zimwage kwenye ujia mwembamba, maana uwanjani atazizunguka. Tena mwaga wakati anawafukuza. Akipita kwa nusu ya mwendo wake hazimwangushi.

Chaki ni sarafu 1 ya shaba: kila njia panda pangoni chora mshale unaoelekeza mlikotoka. Kamba ya futi 50 msikose. Mwenge unawaka kwa muda wa saa 1, kandili inakwenda saa 6 kwa chupa moja ya mafuta.

Na andika kabisa kwenye karatasi ya mhusika kila kitu kimekaa wapi: kamba begani, chaki mfukoni. Msimamizi wa mchezo atakuuliza wakati mwenzako keshaning'inia ukingoni.