Somo: Tortilla ya Hispania (soma kwanza, uliza baadaye)

Tangu nirudi kutoka Hispania, kila nikiweka picha naulizwa, "Mkuu, hiyo chipsi mayai mbona nene hivyo?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Somo ni hili.

Mahitaji: viazi mviringo sita vya wastani, mayai sita, kitunguu maji kimoja kikubwa, mafuta ya zeituni, chumvi, na kikaango kisichogandisha cha sentimita 22 hivi.

1. Menya viazi, kata vyembamba, tia chumvi.

2. Vitie pamoja na kitunguu kwenye mafuta mengi, moto mdogo, kama dakika 20. Tunavilainisha tu, hatupiki chipsi. Vikianza rangi ya kahawia, punguza moto.

3. Chuja mafuta. Usiyamwage, yatapikia kesho.

4. Piga mayai, changanya na viazi, acha dakika 10 hadi 15.

5. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo. Kingo zishike, katikati pabaki pakitikisika.

6. Kugeuza. Hapa ndipo nilipoumbuka, Sevilla, mbele ya wenyeji wangu. Nilichukua sahani iliyolingana na kikaango, nikageuza polepole kwa woga. Mayai yakapita pembeni, yakanitiririkia hadi kwenye kiwiko, nusu ya chakula ikalala jikoni. Mama mwenye nyumba alikwangua kimya kimya, kisha akanionyesha. Sahani iwe PANA kuliko kikaango, tena bapa. Tikisa kwanza, kama tortilla haitelezi, usiguse, pitisha mwiko pembeni. Mwaga mafuta yaliyobaki, maana hayo ndiyo yanayounguza. Simama kwenye sinki, kandamiza sahani kwa kiganja, geuza mara moja bila kusita. Irudishe kwa kuitelezesha, kunja kingo ndani kwa mwiko.

7. Dakika mbili tatu, toa. Ikipoa kidogo ndiyo tamu.

MASWALI

– Mkuu, mayai mangapi?
Rudi juu.

– Zeituni ni ghali. Alizeti je?
Inafaa. Ladha itabadilika, tortilla itakuwa tortilla.

– Si ninunue tu chipsi za kibandani nimwagie mayai? Kitu kilekile.
Hiyo ni chipsi mayai, na mimi naila sana. Ila usinitumie picha ukaiita tortilla.

– Nasikia wengine hawaweki kitunguu. Kwa nini?
Swali zuri. Wahispania wenyewe wanabishana hadi leo, wa kitunguu na wasio na kitunguu. Kule Betanzos, Galicia, hawaweki kabisa, na ukiikata yai linatiririka. Kitunguu kinaongeza utamu na majimaji. Pika zote mbili, uamue mwenyewe.

– Na kinywaji?
Ukifika Valencia, tafuta horchata. Ni nyeupe kama maziwa lakini haina maziwa: wanaloweka vijiazi vidogo vya mmea unaoitwa chufa, wanasaga, wanachuja, wanatia sukari, inanyweka baridi sana. Chufa ni ndugu wa ndago tunazong'oa shambani. Ndugu tu, jamani! Za shambani kwako ni chungu, usiende kuchimba.

– Nimefuata yote, imemwagika jikoni.
Sahani ilikuwa na upana gani?

– Karibu sawa na kikaango.
Hiyo "karibu sawa" ndiyo iliyonimwagia mimi Sevilla. Hatua ya 6, ndugu yangu.