Droo Ikigoma, Anza na Kabati

Ukipanga nyumba Ujerumani, usishangae kukabidhiwa jiko lenye bomba, soketi na kuta tupu. Nyumba nyingi za kupanga huku hazina makabati ya jikoni. Mpangaji aliyetoka kaondoka na yake, nawe unanunua yako, na yanakuja yamelazwa vipande vipande ndani ya maboksi, pamoja na kijitabu cha michoro kisicho na maneno. Fundi wa kuyaunga anatoza kwa saa, na saa yake inauma. Ndiyo maana mwisho wa mwezi, mikataba inapoisha na kila mtu yuko mbioni kuhama, simu hazikatiki: "Kaka, njoo uniangalizie hii droo, inagoma kufunga."

Nikifika, mara nyingi naikuta droo haina kosa lolote. Kilichopinda ni kabati.

Reli za droo zinataka kuta mbili za kabati zikae sambamba na kona ziwe mraba kamili. Kabati likilala upande hata milimita chache, droo itakwaruza, itaacha upenyo mpana juu upande mmoja, au itafunga kushoto huku kulia imebaki nje. Kinachoshikilia huo mraba ni ubao mwembamba wa nyuma, ule ambao watu huupigilia harakaharaka kwa kuwa hauonekani. Kabla hujapiga msumari wa kwanza, pima kwa tepu kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo vikilingana, pigilia. Visipolingana, bana taratibu zile kona zenye kipimo kirefu zisogeleane, pima tena, halafu ndiyo upigilie.

Kisha sakafu. Majengo ya Berlin ya kabla ya vita yanapendeza, dari ziko juu na madirisha ni makubwa, lakini sakafu zake za mbao zimelegea na kuteremka. Tafuta kwanza sehemu iliyoinuka zaidi, simamisha kabati la kwanza hapo, mengine uyainue kwa kuzungusha miguu yake hadi yalingane nalo. Pimamaji iwekwe kushoto kwenda kulia, na pia nyuma kuja mbele. Wengi husahau hilo la pili, na kabati likiinama mbele, droo zinajifungua zenyewe usiku.

Reli zenyewe si ngumu ukizisoma. Zile za magurudumu huwa zimegongwa herufi: CL na CR ni za kabati, kushoto na kulia, DL na DR ni za droo. Ukibadilisha, droo itaingia nusu na kukwama. Zile zinazojifunga polepole na kukaa chini ya droo zinataka droo iwekwe juu yake na kusukumwa hadi mwisho, mpaka usikie mlio wa kunasa pande zote mbili. Mlio mmoja hautoshi.

Neno kuhusu bisibisi. Angalia kichwa cha skrubu: kama kati ya mikono ya msalaba kuna vistari vinne vyembamba, hiyo ni Pozidriv, na inataka biti iliyoandikwa PZ2. Bisibisi ya nyota ya kawaida inafanana nayo, lakini itateleza na kula kichwa. Drili weka nguvu ya chini kabisa, na mizunguko ya mwisho maliza kwa mkono, kwa maana mbao hizi ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Tundu likilegea halishiki tena. Likilegea, jaza vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke usiku mzima, kata vilivyochomoza, ndipo urudishe skrubu.

Sasa nyuso za droo, yaani zile mbao za mbele, ambako macho ya wageni yatatua. Usiziguse mpaka makabati yote yameunganishwa na meza ya juu imefungwa, kwa sababu uzito ule unasogeza kila kitu. Watengenezaji wenyewe wameshaacha nafasi: uso wa kabati la sentimita 60 la kampuni ya samani ya IKEA una upana wa sentimita 59.7. Hizo milimita 3 ndizo unazotakiwa kuzigawa sawasawa. Kipimo chake unacho kwenye pochi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zikibanwa pamoja zinakupa milimita 3.

Kama uso unafungwa kwa skrubu kutoka ndani ya droo, anza na droo ya chini kabisa. Bandika uso kwa tepu ya gundi ya pande mbili, panga kadi juu yake, weka wa pili, hivyo hivyo hadi juu. Rudi nyuma hatua kadhaa, tazama. Ukiridhika, fungua droo polepole ukiushikilia uso, na utie skrubu. Urefu wake uuangalie: ubao wa droo wa milimita 12 na uso wa milimita 16 ni jumla 28, kwa hiyo skrubu ya 25 inatosha. Ya 30 itatokea mbele, na tundu hilo halifichiki.

Droo zenye pande za chuma hunasa uso zenyewe. Ubavuni, chini ya kifuniko kidogo, mara nyingi kuna skrubu mbili: moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Zungusha robo tu, funga, tazama, ndipo uendelee. Milango ya bawaba mantiki ni hiyo hiyo: skrubu iliyo karibu na mlango huusogeza pembeni, ya nyuma huuvuta ndani au nje.

Kabati refu la droo la chumbani lazima lifungwe ukutani, hasa kama kuna watoto. Mtoto hufungua droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati zima linamwangukia. Mwaka 2016 IKEA iliitisha zirudishwe kabati za aina hiyo takriban milioni 29 huko Marekani baada ya vifo vya watoto. Ukuta wa matofali au zege utoboe na utie fisha, vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani, zinazolingana na skrubu. Marekani na Kanada kuta nyingi ni bodi za jasi juu ya mihimili ya mbao, kwa kawaida kila inchi 16. Skrubu iingie kwenye mhimili, maana jasi peke yake haibebi. Kama mwenye nyumba ana masharti kuhusu kutoboa, mwandikie kabla ya kutoboa. Vitu vizito viweke droo za chini.