Kabla Hujapigwa Eksirei ya Kifua ya Kidijitali

Siku hizi picha ya kifua hutokea kwenye kompyuta mgonjwa akiwa bado amesimama palepale. Filamu ya kusafishwa kwenye chumba cha giza haipo tena. Bamba unaloegemeza kifua hupokea mionzi, huigeuza kuwa mwanga, kisha umeme, kisha namba, na baada ya sekunde chache mbavu zako ziko kwenye skrini. Sisi tunaopiga picha hizi tumerahisishiwa sana kazi. Ila mashine haikuvui mkufu, wala haikuvutii pumzi.

Anza na vilivyo mwilini. Mkufu, hereni ndefu, vifungo vya chuma na kulabu za sidiria, vyote hutua juu ya mapafu kama madoa meupe. Kinachosahaulika zaidi ni nywele. Msuko mnene uliolala begani huacha kivuli chenye michirizi kwenye ncha ya juu ya pafu, mahali palepale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Zifunge utosini kabla hujaingia.

Halafu pumzi, na hapa ndipo picha nyingi huharibika. Utaambiwa uweke mikono kiunoni na usukume mabega mbele, ili mifupa ya bega iondoke juu ya mapafu. Kisha vuta hewa mpaka mwisho, uishikilie, usitikisike. Ukivuta vizuri, tunahesabu mbavu 9 au 10 za nyuma juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta nusu, moyo huonekana umetanuka na sehemu ya chini ya mapafu hufanya ukungu, na mtu mzima wa afya hujikuta anatafutiwa ugonjwa asionao. Jizoeze nyumbani mara mbili tatu. Kama unamleta mzee, jizoeze naye. Kikohozi kikikubana, sema, tutasubiri kitulie.

Kuhusu mionzi, picha moja ya kifua kwa mtu mzima ni takribani milisiveti 0.02, sawa na ile tunayoipata sote kwa siku tatu hivi kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Ni kidogo, lakini si sababu ya kuzembea. Enzi za filamu, mionzi ikizidi picha ilikuwa nyeusi tii na kosa likaonekana. Kompyuta hurekebisha mwanga yenyewe, hivyo mionzi ikizidi bado picha hutoka nzuri, na hakuna anayeshtuka. Ndiyo maana mashine huonyesha namba ya kiwango kilichofika kwenye bamba, na mpigaji makini huitazama kila mara. Una haki ya kumuuliza. Kama una mimba au unaihisi, sema kabla ya kuingia.

Beba picha zako za zamani. Kovu la miaka mitano iliyopita na uvimbe wa mwezi huu vinaweza kufanana kabisa mpaka viwekwe pamoja. Usitegemee picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini: faili halisi la DICOM, yaani muundo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za hospitali, lina maelfu ya ngazi za kijivu, na simu hubakiza chache tu. Omba faili lenyewe.

La mwisho ni programu za akili mnemba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zitumike kuchuja kifua kikuu kwenye eksirei za watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Zinasaidia sana pale ambapo daktari wa kusoma picha hayupo. Zinachotoa ni alama ya mashaka tu. Kuthibitisha ni kazi ya kipimo cha makohozi. Tena makovu ya kifua kikuu kilichokwisha kupona yanaweza kuipandisha alama hiyo. Kama uliwahi kuugua na ukamaliza dawa, mwambie mpigaji aandike kwenye fomu kabla hajabonyeza kitufe.