Kununua dabo besi iliyo bora zaidi kwa fedha kidogo ukiwa Mtwara au Lindi

Mpigaji gitaa wa Mtwara akitaka gitaa zuri zaidi anaweza kuazima la mwenzake, akalipiga usiku mmoja harusini, na asubuhi akajua anachokitafuta. Mpigaji wa dabo besi hana nafasi hiyo. Besi hizi za kusimama ni chache mno huku kusini, hakuna duka litakalokupangia tatu ukutani uzilinganishe, na mara nyingi utakayoinunua itakuwa Dar es Salaam, Unguja au Nairobi, mikononi mwa mtu usiyemfahamu. Kwa hiyo anayebadilisha besi kwa bajeti ndogo hana budi kujua mapema ni kasoro zipi atazivumilia na zipi hatazikubali kwa bei yoyote. Msimamo wangu, baada ya miaka ya kupiga taarabu katika hali ya hewa ya pwani hii, ni kwamba usinunue sifa za mbao wala umri wa chombo. Nunua shingo iliyonyooka, ubao wa vidole wa mbao ngumu kweli, na kifua (uso wa mbele wa sanduku) kizima kitakachostahimili unyevu wetu. Yaliyobaki, kwa sehemu kubwa, yanarekebishika hapa hapa.

Kabla ya kutafuta nyingine, itendee haki uliyo nayo. Nyuzi za chuma zilizokaa miaka minne kando ya bahari huwa zimekufa hata kama hazijakatika, kwa sababu chumvi ya hewani huingia katikati ya mizunguko ya waya na mlio wa uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ukawa kama wa mtu anayepiga gunia la korosho kwa kiganja. Seti mpya ya nyuzi nzuri huuzwa kati ya dola 100 na 250 hivi, fedha ambayo ni nyingi, lakini ni ndogo ukiilinganisha na bei ya besi. Wapigaji wengi wa vidole hupenda Spirocore za Thomastik-Infeld ya Vienna kwa kuwa mlio wake hudumu mrefu baada ya kuudonoa uzi, nazo hukaa miaka mingi zikifutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Iwapo baada ya nyuzi mpya besi bado ni bubu, utakuwa umejua kwamba tatizo ni sanduku lenyewe, na nyuzi hizo utazihamishia kwenye besi mpya.

Kagua pia nguzo ya ndani. Hiki ni kijiti cha mbao cha mviringo kilichosimama kati ya kifua na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja (kipande cha mbao kinachobeba nyuzi) ulio upande wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko zote, na hakigandishwi kwa kitu chochote: hushikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Kikisogezwa milimita mbili au tatu sauti hubadilika kabisa. Nimekwisha kukuta besi mbili ambazo mafundi seremala wema, kwa nia njema kabisa, walikuwa wamekiganda kwa gundi nyeupe ili kisianguke tena, na zote mbili zilikuwa zimenyamaza. Kuzifungua na kukisimamisha upya kuliwapa wenyewe besi mpya bila kununua besi mpya.

Ukisharidhika kwamba unahitaji chombo kingine, elewa namna tatu ambazo besi hutengenezwa. Ipo ya plaiwudi yote. Ipo ya mchanganyiko, ambayo kifua chake ni mbao halisi ya msprusi (mti wa nchi za baridi) iliyochongwa huku mgongo na mbavu vikiwa vya plaiwudi. Na ipo ya mbao halisi iliyochongwa yote. Ya tatu ndiyo yenye sauti pana kuliko zote, na ndiyo ninayomwomba mwenye fedha kidogo aishie kuitamani tu. Mbao halisi hunywa maji ya hewani na kuvimba wakati wa mvua zetu, kati ya Desemba na Aprili, kisha husinyaa wakati wa kusi, na inaposinyaa ikiwa imebanwa kingoni, hupasuka. Ufa wa kifua mara nyingi unahitaji kufunguliwa chombo, na fundi wa kazi hiyo hutampata Masasi wala Lindi mjini. Besi ya plaiwudi yenye nyuzi nzuri na daraja lililochongwa vizuri huishinda besi ya kuchongwa yenye nyufa tatu, siku yoyote na katika ukumbi wowote. Besi ya mchanganyiko ndiyo hatua ya busara kwa anayetoka kwenye plaiwudi duni na ana akiba ya kutosha, mradi awe tayari kuilinda na jua na upepo wa feni.

Usitegemee maneno ya muuzaji katika jambo hili, maana wengi huamini kwa dhati kwamba chao ni cha mbao halisi. Angalia ukingo wa tundu la sauti kwa tochi ya simu. Ikiwa ni plaiwudi utaona matabaka kama ya mkate wa kusukuma, na ukingo wake mara nyingi umepakwa rangi nyeusi ili yasionekane. Ikiwa ni mbao halisi, mistari ya uso itaendelea ukingoni na kuingia ndani bila kukatika. Karatasi iliyobandikwa ndani ikitaja mji na mwaka wa zamani isikupandishie bei hata shilingi mia, kwa sababu karatasi hubandikwa na yeyote.

Ubao wa vidole ndiko nilikoumia mwenyewe. Besi yangu ya pili niliinunua usiku, chini ya taa ya njano, ubao wake ukiwa mweusi na unang'aa. Katika harusi ya kwanza Mikindani, jasho lilipoanza kutoka, ncha za vidole zikageuka nyeusi, na kabla ya saa sita za usiku mkono wa kanzu yangu ulikuwa na madoa yasiyotoka hadi leo. Nilimpelekea fundi mmoja mzee wa vitanda na milango. Alilowesha kona ya kitambaa, akasugua mahali pasipoonekana karibu na mwisho wa ubao, akanionyesha kitambaa kilivyochafuka. Kisha akabonyeza ukucha wa dole gumba kwenye mbao iliyobaki, na ukucha ukaacha alama.

"Mwanangu, hii ni mbao laini imepakwa rangi," akasema. "Nyuzi za chuma zitailima kama jembe."

"Na nikiiranda, mzee?"

"Utairanda mara ngapi? Haina unene."

Tangu hapo sinunui besi bila kitambaa chenye maji na bila kubonyeza ukucha. Ubao mzuri ni wa eboni, mbao nyeusi na ngumu, au mbao nyingine ngumu na nzito. Watu wa kwetu huuliza kwa nini tusichonge wenyewe kwa mpingo wetu, ule unaotoka misitu ya Kilwa na Nachingwea na unaotengenezewa klarineti na obo za dunia nzima. Ugumu unao, tena mpingo huzama majini kwa uzito wake. Taabu ni kwamba hukua polepole na gogo lake ni jembamba lenye mikunjo, na ubao wa besi unahitaji kipande kilichonyooka cha karibu sentimita 85 kisicho na ufa. Kipande kama hicho ni adimu, na kikipatikana bei yake si ya mwenye bajeti ndogo. Lakini kizingiti kidogo cha juu, pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, kinachongeka vizuri kabisa kwa kipande cha mpingo cha kidole kimoja badala ya plastiki, na mchonga vinyago yeyote makini ataweza kazi hiyo ukimpa cha zamani kama kipimo. Paka vijia vya nyuzi unga wa penseli ili nyuzi ziteleze zinapotuniwa.

Baada ya ubao, tazama shingo. Lala chini ya kichwa cha besi kama fundi anayepima ukweli wa ubao, uangalie kingo zote mbili kuelekea darajani: ubao unatakiwa kuwa na bonde dogo sana katikati, si mlima na si msokoto. Chunguza kisigino, yaani pale shingo inapoingia kwenye sanduku, kwa sababu besi ikianguka huvunjika hapo. Rangi iliyokolea ghafla, au kitu kinachofanana na pasta ya gari, ni dalili ya mvunjiko uliofichwa, na besi hiyo iache. Pima pia umbali kati ya uzi na mwisho wa ubao wa vidole. Kwa mpigaji wa vidole, milimita 6 hivi kwenye uzi wa G na 9 au 10 kwenye uzi wa E ni kimo kinachopigika. Nyuzi zikiwa juu sana huku daraja likiwa tayari limeshushwa hadi mwisho, shingo imeinama mbele, na gharama yake itameza punguzo lote ulilopewa.

Ukubwa usikusumbue sana. Karibu besi zote utakazokutana nazo ni za robo tatu, zenye urefu wa uzi wa sentimita 104 hadi 106, na huo ndio ukubwa wa kawaida wa mtu mzima. Jambo la kupima ni mkono: weka dole gumba kwenye kisigino na uone kidole cha kwanza kinatoa D au E bemoli (sauti iliyo nusu juu ya D) kwenye uzi wa G. Zote ni sahihi, ila aliyezoea moja atakosea sauti kwa wiki kadhaa akihamia nyingine.

Kwenye kifua, gonga kwa kifundo cha kidole ukizunguka ukingo wote. Sauti kavu inayotetemeka huonyesha kwamba kiungo kimeachia. Kiungo kilichoachia si msiba. Gundi ya ngozi inayotumika kwenye besi nzuri imekusudiwa iachie kabla mbao haijapasuka, na kuirudisha ni kazi ya jioni moja. Ufa unaopita chini ya mguu wa daraja, juu ya nguzo ya ndani, ni jambo jingine kabisa, nao ndio sababu tosha ya kuaga na kuondoka. Tazama pia kama kifua kimedidimia upande wa uzi wa E, kwa kuwa hapo ndani kuna papi inayokibeba, na papi iliyoachia hutoa mlio wa kukoroma. Vitundu vidogo vyenye unga mwepesi maana yake mbao inabunguliwa, na wadudu hao watahamia kwenye kabati lako. Ningeshauri ukague wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, kwa sababu mvua huvimbisha mbao na kuziba nyufa ambazo kiangazi huzifichua.

Sauti isikilizwe na masikio mawili. Mwombe mwenzako apige wewe ukiwa umesimama hatua kumi, maana besi nyingi humridhisha anayezikumbatia na kupotea mbele ya ngoma na kodiani. Piga kila sauti, nusu kwa nusu, ukitafuta inayoguna au kuzimika ghafla. Kama muuzaji yuko mbali na anatuma video, isikilize kwa hedifoni, kwa sababu uzi wa E una mitetemo 41 hivi kwa sekunde na spika ya simu haiwezi kuutoa. Utakachosikia ni kivuli chake. Afadhali umtume mpigaji unayemwamini, ukamlipia nauli na chakula, kuliko kutuma malipo ya awali kwa simu kwa chombo kisichoguswa na mtu wako. Unguja, ambako taarabu imeiweka besi hii hai kwa vizazi, na ambako kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi tangu mwaka 2002, si vigumu kumpata wa kukuangalizia.

Kuhusu fedha, usitumie yote kwenye chombo. Mwenye shilingi milioni 4 atafute besi ya milioni 3, na iliyobaki iwe ya nyuzi, daraja, fundi na usafiri. Anayeagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo akumbuke kwamba forodha hujumlisha bei, usafirishaji na bima, kisha huongeza ushuru, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla hiyo yote. Kwa kuwa besi hula nafasi kubwa, usafirishaji wake pekee waweza kukaribia bei ya chombo.

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na ndiyo hatari kubwa iliyobaki. Legeza nyuzi zote kidogo, lakini usizivue, kwani nguzo ya ndani itaanguka. Toa mguu wa chuma, tandika taulo kati ya kishikio cha nyuzi na kifua, na ulipie viti vya nyuma vya basi badala ya kuiweka buti. Mimi niliwahi kubana nauli. Mizigo iliwekwa juu yake njiani, na kisigino kikapasuka kabla ya Kibiti.

Ikifika, isimamishe kwenye kona isiyopigwa na jua, na usiikaze hadi sauti yake kamili siku ile ile. Ipandishe kidogo kidogo kwa siku tatu. Mwambie fundi aweke magurudumu ya kupandishia daraja kama hayapo, kwa sababu mvua za kwanza zikinyesha kifua kitanyanyuka, nyuzi zitapanda nacho, na wewe utazishusha kwa kuyazungusha kwa vidole viwili badala ya kulikata daraja ambalo Juni utalihitaji tena.